Thika, Ruiru na Tamthilia za Nyota kutoka Uingereza

Jioni ya Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963, ilhali walimwengu wangali wameduwaa kwa habari ya kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani siku moja kabla, televisheni ya BBC mjini London ilionyesha kwa mara ya kwanza tamthilia iitwayo Doctor Who, hadithi ya mzee msafiri asiyejulikana jina wala asili, apitaye katika nyakati na sayari kwa chombo chenye sura ya kibanda cha polisi. Na siku kumi na tisa baadaye, tarehe 12 Disemba, Kenya ikawa dola huru. Matukio hayo mawili hayakuhusiana hata chembe katika nia za waliohusika nayo, na si desturi ya wanatarikhi kuyaweka katika ukurasa mmoja. Lakini mtu akitaka kuandika habari za watazamaji wa Thika na Ruiru hana budi kuyaweka pamoja, kwa kuwa hadithi zile za nyota zilivuka bahari kama bidhaa ya dola iliyokwisha kuondoka, zikatazamwa na raia wa dola mpya. Na macho yale, nashikilia, yalikuwa na uwezo wa kuona ndani yake mambo ambayo wengi wa waliozitunga hawakuyaona, au waliyaona wakayapita upesi.

Asili ya fani hiyo yatupasa kuitafuta mbali zaidi. Mwaka 1895, H. G. Wells alipochapisha The Time Machine, ndio mwaka ule ule, mwezi wa Julai, serikali ya Kiingereza ilipotangaza himaya yake juu ya Afrika ya Mashariki. Na mwaka 1898, kilipotoka kitabu chake The War of the Worlds, juu ya viumbe wa Mars wanaoishukia Uingereza kwa silaha zisizo na kifani, reli ya Mombasa ilikuwa imekwama Tsavo, simba wakiwala vibarua waliokuwa wakijenga daraja. Wells hakuficha maana ya hadithi yake. Katika kurasa za mwanzo aliwakumbusha Waingereza wenzake maangamizi yaliyowapata wenyeji wa Tasmania mikononi mwa wahamiaji wa Kizungu, akawauliza wangelalamika kwa haki gani endapo viumbe wengine wangewatendea wao vivyo hivyo. Fani hii, basi, ilizaliwa pamoja na ukoloni wetu, nayo ikazaliwa na swali juu ya ukoloni limo tumboni mwake. Na jambo hilo mtu wa Kiambu, penye miji hii miwili, hahitaji kuambiwa mara mbili.

Tena kuna nasaba iliyo karibu zaidi na Thika yenyewe. Wells alisomeshwa elimu ya viumbe mjini London na Thomas Henry Huxley, mwanazuoni aliyemtetea Darwin. Na mjukuu wa Huxley huyo, Gervas, binamu yake Aldous Huxley aliyetunga Brave New World mwaka 1932, ndiye aliyemwoa Elspeth Grant, binti wa walowezi waliofika Thika muda mchache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Elspeth Huxley, kama alivyokuja kujulikana, alichapisha kumbukumbu za utoto wake mwaka 1959 kwa jina la The Flame Trees of Thika, kitabu kilicholitangaza jina la mji huu duniani kuliko mananasi yake. Na mwaka 1981 kampuni ya Thames Television ikakifanya tamthilia ya sehemu saba, iliyopigwa picha hapa Kenya, Hayley Mills akicheza nafasi ya mama. Mwongozaji wake alikuwa Roy Ward Baker, bwana yule yule ambaye mwaka 1967 aliongoza filamu ya Quatermass and the Pit. Filamu hiyo ilitokana na tamthilia ya Nigel Kneale iliyoonyeshwa na BBC kati ya Disemba 1958 na Januari 1959, ambamo wachimbaji wa London wanafukua mafuvu ya watu wa kale, kisha chombo cha Mars kilicholala ardhini dahari na dahari. Na yapata nusu mwaka baada ya Waingereza kuitazama, mwanaakiolojia Mary Leakey aliliona fuvu la kale liitwalo Zinjanthropus katika bonde la Olduvai. Sitaki kudai kwamba hayo yana siri. Nataka tu msomaji aone kwamba barabara kati ya hadithi za nyota za Waingereza na udongo wetu ilianza kulimwa kabla mtu yeyote wa Thika hajaiwasha televisheni.

Miji yenyewe miwili ilikuwa ya namna gani? Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, ikipita Ruiru, nayo ikawa njia ya mkonge na kahawa. Umeme wa maji uliowasha taa za Nairobi katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita ulitoka katika maporomoko ya mto Ruiru, na baadaye mto Thika nao ukaongezewa kazi hiyo kwa mtambo wa Ndula. Hivyo nyaya zilipita juu ya mashamba na juu ya vichwa vya vibarua walioyalima, zikienda kuangaza vyumba vya watu wengine. Baada ya uhuru Thika ikakua kwa viwanda, vya nguo, vya mikebe ya matunda, vya mafuta ya kupikia, vya kuunganisha magari, na Ruiru ikaendelea na kahawa yake, hata mbegu iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti kilichopo pale ikaitwa kwa jina la mji. Ilikuwa miji ya watu wanaoamka kwa king'ora na kurudi jioni wamechoka, na burudani ya jioni haikuwa jambo dogo kwao.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, kituo cha kwanza cha kurusha kikiwekwa katika nyumba ya shamba huko Limuru, na mwaka 1964 shirika la utangazaji likachukuliwa na serikali likaitwa Voice of Kenya, ambalo wengi wetu tulilijua kwa herufi zake tatu, VoK. Seti ilikuwa mali ya wachache: hoteli, vilabu, nyumba za mameneja, nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa juu ya maduka yao. Nyumba yenye televisheni ilikuwa nyumba ya mtaa mzima, na aliyeketi mbele kabisa, sakafuni, alikuwa mtoto, ambaye ndiye aliyefaidi zaidi hadithi za nyota, kwa kuwa watu wazima walisubiri taarifa ya habari.

Hapa yafaa nieleze jinsi bidhaa hiyo ilivyosafirishwa, maana ndani ya safari hiyo mna tabia zote za shabiki wa mbali. BBC ya wakati ule ilirekodi vipindi vyake katika utepe wa video, wenye picha ya mistari 405, ilhali vituo vipya vya Afrika ya Mashariki vilitumia mistari 625. Na utepe wenyewe ulikuwa ghali mno kupelekwa huku na huku. Ikawa, kwa ajili ya mauzo ya ng'ambo, kamera ya filamu inawekwa mbele ya kioo cha televisheni, kipindi kinapigwa picha upya katika filamu ya milimita 16, na filamu ile, ambayo kila kituo duniani kiliweza kuionyesha pasipo kujali hesabu ya mistari, inatiwa katika makopo ya bati na kutumwa. Kenya na Uganda zote mbili zilikuwamo miongoni mwa nchi zilizonunua sehemu za awali za Doctor Who katika miaka ya sitini, pamoja na Ghana, Nigeria, Zambia, Sierra Leone na nyinginezo. Nakala haikuwa ya kila nchi. Kopo moja liliweza kuonyeshwa hapa, likapelekwa kule, likatoka kule likaenda kwingine, likizidi kuchanika na kupata mikwaruzo kila lilipopita katika mashine. Na muda wa idhini ulipokwisha, kituo cha mwisho kiliamriwa ama kulirudisha ama kuliteketeza na kuandika hati ya kuthibitisha.

Kwa hiyo mtazamaji wa ng'ambo aliipata hadithi imechelewa, tena haijatimia. Mwenziwe wa London aliitazama sehemu ya dakika 25 kila Jumamosi, akaulizana na wenzake shuleni Jumatatu; huyu wa kwetu alifikiwa na sehemu hiyo hiyo baada ya mwaka au zaidi, aghalabu wakati mchezaji mwingine amekwisha kuishika nafasi ya William Hartnell, msafiri wa kwanza, na kama shehena ya pili haikununuliwa, basi ile hofu ya mwisho wa kipindi, shujaa akiwa ukingoni mwa mauti, ilibaki hofu ya maisha. Mashabiki waliolelewa hivyo hujifunza kujaza pengo wao wenyewe. Humalizia hadithi kwa akili zao, na nimewasikia watu wawili wazima wakibishana juu ya mwisho wa kisa ambao hakuna kati yao aliyewahi kuuona, kila mmoja akiutetea wa kwake kwa ithibati na hoja. Watu hudhani kwamba kukosa ni kukosa tu; mimi naona kulikuwa na malezi ya ubunifu katika upungufu ule, ijapokuwa hakuna aliyeukusudia.

Kisha kulikuwa na mambo yaliyogeuka maana kwa kuvuka bahari. Kibanda cha polisi cha rangi ya samawati, ambacho kwa Mwingereza wa 1963 kilikuwa kitu cha kawaida kabisa cha pembeni mwa njia, na ndiyo sababu kikachaguliwa kuwa maficho ya chombo cha ajabu, hakikujulikana huku. Mtoto wa Thika alikiona kuwa chombo cha ajabu tangu mwanzo, pasipo kufichwa chochote. Kinyume chake, sayari za mbali, ambazo zilikusudiwa kumshangaza kila mtu, hazikumshangaza yeye. Watengenezaji wa tamthilia hizi, kwa uchache wa fedha, walikuwa na ada ya kwenda kupiga picha katika machimbo ya mawe na kokoto ya kusini mwa Uingereza, pahali pasipo mti wala nyumba, wakapaita sayari. Sasa mtu aliyezaliwa kati ya Ruiru na Thika anayajua machimbo: mawe ya Ndarugu, karibu na Juja, ndiyo yaliyojenga nyumba za nusu ya Nairobi, na mashimo yake, yenye kuta zilizochongwa wima na vumbi la kijivu linalokaa juu ya nyusi za wakata mawe, yanafanana na kila sayari iliyowahi kuonyeshwa na BBC. Shabiki wa hapa hakuona hapo uduni wa matengenezo, kama wanavyoona wakosoaji wa Kiingereza. Aliona kwamba hata huko nyotani watu huchimba mawe, tena kwa shida; na kwa kuwa baba yake au mjomba wake alifanya kazi hiyo hiyo, sayari ile ilikuwa na wakaazi kabla mhusika yeyote hajaingia.

Nakuja kwenye jambo zito zaidi. Mwisho wa mwaka 1964 Doctor Who ilionyesha kisa cha viumbe waitwao Daleks, wakaao ndani ya vyombo vya chuma, wenye kuchukia kila asiyekuwa wa jinsi yao, walioishinda dunia na kuitawala. Wamewakusanya wanadamu na kuwapeleka machimboni, katika jimbo la Bedfordshire, wachimbe kwa kazi ya shuruti. Na miongoni mwa wanadamu wenyewe wamewageuza wengine kuwa walinzi, wakiwatia vyuma vichwani, ili jirani amchunge jirani kwa bunduki. Waingereza walipokitazama kisa hicho waliwakumbuka Manazi, na ndivyo kilivyokusudiwa. Ilikuwa imepita miaka 19 tu tangu vita viishe. Lakini mtu wa Kiambu akiketi mbele ya picha hizo hana haja ya kwenda mpaka Ujerumani kutafuta mfano. Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952, haikuondolewa hadi Januari 1960. Tangu 1954 watu wa wilaya hizi waliondolewa katika maskani yao ya vilimani wakarundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miiba, wakachimba barabara na mahandaki bila ujira, wakilindwa na Home Guard ambao walikuwa watoto wa ukoo mmoja nao. Mjini London, hadithi ya uvamizi ilikuwa ndoto ya kutisha juu ya jambo ambalo lingaliweza kuwapata. Katika vijiji vilivyo nyuma ya Ruiru ilikuwa kumbukumbu iliyovishwa chuma. Na hapo naona swali la Wells, ambalo kwao lilikuwa limekwisha kusahauliwa chini ya tafrija ya jioni, likipata kwa mara ya pili watu wa kulisikia.

Nisije nikawadhulumu waliozitengeneza. Mwasisi wa Doctor Who, Sydney Newman, alikuwa Mkanada. Mtayarishaji wake wa kwanza, Verity Lambert, alikuwa mwanamke kijana katika jumba la wanaume. Na aliyeongoza kisa cha kwanza, Waris Hussein, alizaliwa Lucknow, Bara Hindi. Tamthilia iliyokuja kuhesabiwa kuwa mali halisi ya Waingereza ilitungwa kwa kiasi kikubwa na watu waliosimama nje ya mlango wao, na pengine ndiyo sababu shujaa wake ni mgeni kila afikapo.

Wakati tamthilia hizo zikisafiri katika makopo, anga la kweli lilikuwa limekwisha kufika kwetu. Waitaliano walijenga majukwaa ya kurushia roketi baharini karibu na Malindi, nao wakarusha setilaiti kutoka hapo tangu mwaka 1967. Tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu ya uhuru, ikarushwa kutoka jukwaa la San Marco setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo nyotani, ya kwanza ya namna yake ulimwenguni, ikapewa jina la Uhuru. Mwaka huo huo kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilifunguliwa chini ya mlima Longonot. Mtoto wa Thika aliyeambiwa kuwa hadithi za nyota ni mambo ya Wazungu alikuwa na jawabu, kama angepata mwalimu wa kumpa.

Basi, nini kiliyapata yale makopo? BBC, ikiamini kwamba picha zisizo na rangi hazina thamani tena, na ikibanwa na mapatano na wachezaji juu ya kurudia vipindi, ilifuta tepe zake ili izitumie upya, na kuziteketeza filamu pia, hata mwaka 1978 ilipoweka utaratibu wa kuhifadhi. Sehemu zaidi ya mia moja za Doctor Who zikatoweka kwao. Ndipo, mwaka baada ya mwaka, zikaanza kurudi kutoka ng'ambo: nyingine Cyprus, nyingine Nigeria katika miaka ya themanini, kisa kizima cha sehemu nne kutoka Hong Kong mwaka 1992. Mwezi wa Oktoba 2013 ikatangazwa kwamba Philip Morris, aliyezunguka vituo vya Afrika akichungulia maghala, amekuta mjini Jos, Nigeria, makopo yenye sehemu tisa zilizopotea za visa viwili vya mwaka 1967 na 1968. Na hata hivyo zikasalia sehemu 97 zisizojulikana zilipo. Mhifadhi wa Nigeria aliyeacha kuteketeza alichoamriwa kuteketeza, ama kwa uvivu, ama kwa uangalifu, ama kwa kukosa fomu, ameihifadhia Uingereza urithi ambao Uingereza yenyewe iliuchoma. Nafurahi kila ninapolikumbuka jambo hilo, na sioni haya kulisema.

Miaka iliyofuata naweza kuipitia upesi. VoK ilirudia jina lake la awali, KBC, mwaka 1989, kituo cha KTN kikaanza 1990, kanda za video zikaingia, kisha sidii, kisha dividii. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti iliyokuwa ikidondoka ikaanza kutiririka. Barabara kuu ya Thika ikakamilika 2012, na kandokando yake, Githurai, Ruiru, Juja penye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, hata Thika mjini, yakaota maduka ya muvi, vyumba vyembamba vyenye kompyuta moja na orodha ukutani, ambamo mteja huleta flash yake akajaziwa series kwa bei ya kikombe cha chai na andazi. Kwa sheria ya hakimiliki biashara hiyo haina utetezi, wala siutafuti. Lakini ni humo ambamo vijana wa uhandisi walizikuta tamthilia mpya za Cardiff, mahali Doctor Who ilipofufuliwa mwaka 2005, na wakazitazama kwa mfululizo usiku mmoja, mpaka stima ilipopotea. Mwaka 2009 pia Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu fupi ya Kikenya juu ya dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, nayo ikaonyeshwa Sundance mwaka uliofuata; fani ikawa imeanza kusema kwa kinywa chetu.

Na mwaka 2022 ikatangazwa kwamba nafasi ya msafiri yule itashikwa na Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali mwaka 1992, ambaye familia yake iliikimbia Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 ikapata makazi Uskoti. Msafiri huyo, tangu tamthilia ilipofufuliwa, husimuliwa kuwa mtu aliyesalia baada ya vita vilivyowamaliza watu wake. Na sidhani kuna mtazamaji wa Afrika ya Mashariki aliyeyasikia maneno hayo kinywani mwa Gatwa akayapokea kuwa hadithi tupu. Kisa chake kamili cha kwanza kilionyeshwa Krismasi ya 2023, Uingereza kupitia BBC, na sehemu kubwa ya dunia kupitia huduma ya Disney+, ambayo ilikuwa imefunguliwa Afrika Kusini lakini haijafunguliwa Kenya. Kwa hiyo mtoto wa Kigali alipofika katika nyota, jirani zake wa Ruiru walimngojea tena kwa njia za panya, flash ikipita mkono kwa mkono kama kopo la miaka ya sitini.

Waliotazama wakati ule, sakafuni, sasa wana umri wa miaka sitini na sabini. Hawajaulizwa walichokiona, na maghala ya KBC, na ya Uganda, yanastahili kupekuliwa kwa subira ile ile iliyopekua ya Jos. Kazi ya kuwauliza wazee ingeweza kuanzia katika maktaba ya taifa iliyopo Thika, kwa daftari, kinasa sauti, na wanafunzi wawili watatu kutoka Juja.